Mfasiri Aliye Ndani ya Kompyuta

Wengi wetu hulikumbuka neno MAGAZIJUTO tulilofundishwa katika shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hebu, msomaji, kokotoa 10 − 4 + 3. Alifuataye neno hilo bila kufikiri hujumlisha 4 na 3 kwanza, akapata 3. Jibu sahihi ni 9, kwani kujumlisha na kutoa vina daraja moja, navyo hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa hilo hilo huwanasa wanafunzi wa chuo kikuu wanapojifunza kuunda kompaila.

Kompaila ni programu inayofasiri maagizo yaliyoandikwa katika lugha isomekayo na binadamu, ikayageuza kuwa maagizo ya mashine. Mwaka 1957 kikundi kilichoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM, nchini Marekani, kilikamilisha kompaila ya lugha ya FORTRAN baada ya kazi ya miaka kadhaa. Leo nadharia imekomaa, na mwanafunzi mmoja aweza kuunda kompaila ndogo katika muhula mmoja.

Kazi yenyewe ina hatua nne kuu. Kwanza, herufi na tarakimu hukusanywa kuwa vipashio: 10, alama ya kutoa, 4, na kadhalika. Pili, vipashio hupangwa katika mti kwa kanuni za sarufi, kama mwalimu wa Kiswahili anavyochanganua sentensi kwa matawi. Tatu, maana hukaguliwa; mathalani, je, kila jina lililotumika limetangazwa? Nne, mti hugeuzwa kuwa maagizo ya mashine.

Hatari hujificha katika hatua ya pili. Mwanafunzi akiandika sarufi inayouotesha mti upande wa kulia, kompaila yake itatoa 3 badala ya 9, tena bila onyo lolote. Mwandishi wa programu hakukosea, na mashine ni nzima. Aliyekosea ni mfasiri. Hesabu ya mishahara au ya akiba ya ghala itakayopitia kwake itarithi kosa lake.

Jambo hili lina uzito zaidi. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo wa Unix, alichapisha hotuba iliyoonyesha kwamba kompaila yaweza kupenyeza amri ya hila katika programu, ilhali hila hiyo haionekani popote katika maandishi yanayosomwa na mkaguzi. Kwa hiyo taifa linalotumia kompyuta lahitaji watu wanaomjua mfasiri huyu kwa undani.

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa chaki tu. Wanafunzi na wachore miti miwili ya 8 − 5 + 2, mmoja utoe 5 na mwingine 1. Kisha waeleze ni kanuni ipi ya sarufi iukatazayo ule wa pili.