Rangi ya Leza na Wingu la Shaba: Tueleze Vipi kwa Kiswahili?

Tulipokwenda Nyakiyumbu, upande wa Bwera, kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, mmoja wao alikuwa na somo la ufahamu kuhusu madini. Mtoto wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, leza inajuaje kama udongo una shaba?" Mwalimu alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza. Hatumlaumu, maana sisi tuliomkagua tusingefanya vizuri zaidi. Na kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2022, maswali ya namna hii yatazidi.

Swali lenyewe lina mizizi palepale wilayani. Kasese ndiko uliko mgodi wa Kilembe, uliotoa shaba kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki yake yaliachwa yamerundikwa, na Mto Nyamwamba, uliofurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020, huyazoa kuelekea mashambani na Ziwa George. Watafiti wamekuta shaba na kobalti nyingi katika udongo wa eneo hilo. Anayelima mboga kando ya mto anahitaji kipimo cha kuaminika.

Kipimo kimoja ni hiki. Leza hupiga kidoa cha sampuli kwa muda wa nanosekunde chache tu. Metali huyeyuka, hugeuka mvuke, kisha atomu za mvuke hupokonywa elektroni. Mvuke huo ndio plazima, hali ileile ya radi, au ya ule mwanga mkali wa mchomeleaji vyuma pale Mpondwe. Linapopoa, wingu hilo hutoa rangi za kila elementi: shaba hung'aa kwenye nanomita 324.8 na, kwa kijani, 521.8, kobalti kwenye 345.4.

Je, leza iwe ya rangi gani? Leza ya neodimia, iliyo ya kawaida kwa kazi hii, hutoa nuru ya nanomita 1064, ambayo jicho halioni. Haizungushwi kama redio inayotafuta stesheni. Hupitishwa kwenye fuwele, ikatoka na 532 (kijani), 355 au 266. Hizi mbili za mwisho ni urujuanimno, neno ambalo tunaliona limeundwa vizuri kuliko mengi ya kisayansi.

Kwanza, metali yenyewe hubagua. Shaba safi hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya nuru ya 1064, lakini humeza sehemu kubwa ya kijani na ya urujuanimno. Wekundu wa shaba tunaouona kwenye waya unatokana na tabia hiyohiyo.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, wingu likishazaliwa husimama kati ya leza na metali kama pazia. Elektroni zake huinyonya nuru, na unyonyaji huo huongezeka upesi kadiri wimbi linavyorefuka, takriban kwa mraba wa urefu wake au zaidi. Hivyo mpigo wa 1064 huishia kwa kiasi kikubwa kulipasha wingu joto: plazima huwa kali na yenye mwanga mwingi, ilhali metali iliyong'olewa ni kidogo. Mpigo wa 266 hupenya zaidi, hung'oa metali nyingi, na wingu huwa la joto la chini. (Urujuanimno nao una njia yake ya kuvunja atomu zilizokwisha kusisimka, kwa hiyo kanuni hii si ya chuma.)

Kwa mabaki ya Kilembe jambo hili si dogo. Kobalti yake imo ndani ya pairaiti, madini ya chuma na salfa, na chuma kina mistari ya rangi mingi mno inayosongamana na ya kobalti. Wingu kali huongeza pia mng'ao wa jumla unaofunika mistari hafifu. Wimbi fupi hupunguza mng'ao huo na kutoa vipimo vinavyolingana zaidi mpigo kwa mpigo, ingawa kila fuwele hupunguza nguvu ya leza na kuongeza gharama.

Limebaki neno lenyewe. Darasani "plazima" huwakumbusha wanafunzi majimaji ya damu, na mtoto yule wa Nyakiyumbu angeweza kudhani udongo unavuja damu. Kwa sasa tunasema "wingu la plazima" kwa hali hii, na "plazima ya damu" kwa ile nyingine.