Datsun ya mjomba na kovu lililobaki

Ukipita nyuma ya nyumba za watu hapa Mombasa, aghalabu utaona gari lililofunikwa turubai kuukuu, magurudumu yamelala, na paka amezalia chini yake. Ukimwuliza mwenyewe atakwambia, "Hilo nitalitengeneza." Miaka hupita, turubai huchanika likatiwa jingine, na gari liko pale pale. Mara nyingi si kwamba mwenyewe amekosa fedha. Ni kwamba hajui aanzie wapi, wala hajakata shauri anataka gari hilo liwe nini likishatengenezwa.

Gari ninalotaka kumhadithia msomaji leo lilikaa hivyo miaka 17 katika ua wa mjomba wangu, mtaa wa Tudor. Si gari la kubebea magunia wala la kuchukulia abiria. Ni Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili na viti viwili, lenye pua ndefu na mgongo ulioteremka hadi nyuma. Watoto wa mtaa walilipa jina la Papa, na kweli lilifanana na papa aliyetupwa ufuoni.

Huenda vijana wa siku hizi wasilijue gari hilo, lakini waulizeni wazee. Kampuni ya Nissan ya Japani ililitoa mwaka wa 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z, na katika nchi za nje likauzwa kwa jina la Datsun 240Z. Hiyo 240 ni ukubwa wa injini, yaani lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili. Huko Marekani bei yake ya kwanza ilikuwa dola 3,526, na watu wakastaajabu kupata gari la namna ile kwa fedha zile.

Lakini huku kwetu sifa yake haikuletwa na bei. Ililetwa na matope. Katika mwaka wa 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akikaa Kenya, alishinda East African Safari pamoja na Hans Schüller kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na wa pili akawa Shekhar Mehta kwa gari la aina ile ile. Mwaka wa 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo alilingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun 180B, ikabidi itazamwe ni nani kati yao aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mjomba aliyafuata mashindano hayo kwa redio, sikio limegandana na spika. Alipokuja kupata fedha zake za bandarini hakununua shamba. Alinunua 240Z ambayo tayari ilikuwa imepita mikononi mwa watu wawili.

KUTU KWANZA

Siku ya kwanza ya kazi mimi nilikuja na betri mpya na plagi sita, nikidhani tutaliwasha gari kabla ya adhuhuri. Baada ya kunipokea na kuitikia shikamoo yangu, mjomba alivitazama vitu vyangu akacheka.

"Viweke ndani, mwanangu," akasema. "Hivyo tutavitaka mwakani."

Akanipa tochi na bisibisi. Bisibisi hiyo haikuwa ya kufungulia kitu. Ilikuwa ya kudungia bati. Unalala chini ya gari, unadunga kidogo kidogo. Palipo pazima pana sauti kali, na palipooza bisibisi huzama kama kisu katika papai.

Yafaa msomaji aelewe kwamba gari kama hili halina fremu iliyojitenga kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo kutu ya sakafuni si aibu ya uso tu, bali ni maradhi ya uti wa mgongo. Nayo ina maskani yake: chini ya betri, ambapo tindikali hudondoka ikala bati na mhimili ulio chini yake, sakafuni, chini ya mazulia, katika vizingiti vya milango, katika shimo la gurudumu la akiba, na nyuma ya madigadi, mahali matope hujificha yakakaa mabichi. Ongeza hapo upepo wa chumvi wa Tudor. Tulipoinua zulia la upande wa dereva tuliuona mchanga wa ua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ilitubidi kujenga ukuta. Kazi ya bati peke yake ilituchukua Jumamosi za miezi minane. Sharti ukate bati bovu mpaka ufike kwenye bati zima, kwa maana kiraka kilichochomewa juu ya kutu ni plasta juu ya kidonda chenye usaha. Tena usikate pande zote mbili kwa mara moja. Kata pande dogo, chomelea, kisha nenda kwingine, huku bodi imeegemezwa vizuri kila pembe. Gari lililokatwa kizingiti bila kuegemezwa hujipinda, na mlango wake haufungi tena.

Kabla ya fundi kuwasha moto wake, tulilifungua tangi la petroli na kulipeleka mbali, upande wa pili wa ua. Wako wanaodhani tangi tupu halina hatari. Kinyume chake ndicho kweli. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka, na mafundi wameungua kwa kosa hilo.

MASHINE

Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa. Tulitoa plagi zote, tukatia mafuta kidogo ndani ya kila silinda, tukayaacha siku tatu yapenye. Kisha mjomba akaizungusha kwa mkono, spana imeshika bolti ya mbele, polepole, huku akisikiliza. Injini ikikataa kuzunguka usiilazimishe, maana ringi zilizoshikamana na ukuta wa silinda huvunjika. Yetu ilizunguka, na mzee yule akatabasamu kama aliyemsikia mgonjwa akikohoa.

Bloku ya injini hii ni ya chuma, lakini kichwa chake ni cha alumini. Wenye magari kama haya ambao kwa miaka walitia maji matupu ya mfereji katika rejeta wakifungua kichwa huona njia za maji zimeliwa kama jino bovu. Maji ya dawa hayatiwi kwa fahari, hutiwa kwa kuzuia jambo hilo.

Breki hatukubahatisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na miaka ikipita unyevu huo hushika kutu ndani ya silinda za breki. Raba zote tulizitupa tukatia mpya. Mjomba alisema, "Gari likikataa kwenda utasikitika. Likikataa kusimama, wengine ndio watakaosikitika."

Kosa langu kubwa lilitokea siku ya kuliwasha. Nilichomoa waya za plagi ili nizifute vumbi, nikazirudisha kwa kukisia. Injini hii huwaka kwa mfuatano wake, 1-5-3-6-2-4, wala haina msamaha. Ilikohoa, ikatoa moto kwa kinywa cha kabureta, na nyusi zangu zikapungua. Mjomba hakunigombeza. Alinipa vipande vya karatasi na kalamu, akaniambia niandike namba ya kila waya. Tangu siku hiyo hatukufungua kitu bila ya kukipiga picha na kukiandika. Bolti zilikaa ndani ya makopo ya maziwa, kila kopo na jina lake. Amini usiamini, magari mengi ya nyuma ya nyumba hayakushindwa na kutu. Yalishindwa na bolti zilizopotea.

Kabureta zile mbili ndizo zilizonifundisha subira. Lazima zivute hewa sawasawa. Mjomba alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye kinywa cha kabureta, akasikiliza mvumo wa hii kisha wa ile, akikaza na kulegeza skrubu mpaka mivumo miwili ikawa mmoja. Vyombo vya kupima viko, lakini sikio lake lilitosha.

Kuhusu vipuri, mpira wa milango na wa vioo tuliuagiza ng'ambo kwa njia ya intaneti. Vingine tulivipata Kirinyaga Road huko Nairobi, ambako wazee bado wanakuita Grogan. Na vile visivyopatikana popote vilichongwa na mafundi wa jua kali kwa kufuatisha kipande cha zamani.

UGOMVI WA KOVU

Sasa nifike palipo na moyo wa habari hii. Madigadi ya mbele ya kushoto ilikuwa na bonde refu, kama alama ya kofi. Mimi nilikuwa na shauku ya kulipeleka gari Nairobi katika Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka wa 1970, ambapo waamuzi hukagua usafi wa gari mpaka chini ya tumbo lake. Basi Jumamosi moja nilinunua kopo la puti na msasa, nikaanza kuparuza bonde lile nizibe. Mjomba alitoka msikitini akanikuta.

"Acha," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno kwa sauti ile.

Kumbe bonde lile lilikuwa la ndugu yake mdogo, marehemu. Aliazima gari kwenda harusini Malindi, na wakati wa kurudi, karibu na Kikambala, akamkwepa mbuzi na kuukumba mnazi. Alifika nyumbani alfajiri, gari limevimba uso, naye amebeba kilo mbili za halua kumtuliza kaka yake. Baada ya mazishi ya ndugu huyo ndipo gari lilipofunikwa turubai.

Nilinyamaza, lakini sikuridhika. Kwani nilipokuwa nikiparuza niliona kutu imekwisha anza chini ya rangi iliyopasuka. Tukiliacha bonde kama lilivyo, kutu ingelitoboa. Tukilinyoosha, tutakuwa tumemfuta mtu. Tufanyeje?

Wajapani wenyewe walikutana na swali kama hilo. Katika miaka ya 1990 Nissan huko Marekani ilinunua 240Z kuukuu, ikazitengeneza na kuziuza zikiwa ziking'aa kama siku zilipotoka kiwandani. Hiyo ni njia moja, wala si mbaya. Lakini mwaka wa 2013 klabu ya wafanyakazi wa Nissan wanaofufua magari ya zamani ya kampuni hiyo ililishika gari lile lile la Herrmann lililoshinda Safari ya 1971. Mitambo yake waliifungua na kuitengeneza mpaka gari likatembea tena. Mabonde na mikwaruzo ya njia zetu za Afrika Mashariki waliiacha bodini. Waliona kwamba gari lile likinyooshwa na kupakwa rangi mpya litabaki 240Z nyekundu kama nyingine yoyote, na ushahidi wa safari yake utakuwa umekwenda na msasa.

Nilimweleza mjomba habari hizo, akawaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwani madigadi si imefungwa kwa bolti?"

Ndivyo ilivyo. Madigadi ya mbele ya 240Z haikuchomelewa, hufungwa kwa bolti. Tuliifungua, tukailaza kifudifudi juu ya gunia, na kazi yote tukaifanya upande wa nyuma usioonekana. Tulisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati likawa jeupe, tukapaka dawa, tukapaka rangi ya kwanza, kisha nta nzito ya kuzuia maji. Upande wa mbele tuligusa kwa brashi ndogo ile mistari tu ambayo rangi ilikuwa imepasuka. Bonde likabaki vile vile, lakini halina ugonjwa tena.

Hilo ndilo nililojifunza katika ua ule, nami ningependa msomaji mwenye gari chini ya turubai alifikirie kabla hajashika spana. Liko la kutengenezwa na liko la kuachwa. Kutu, breki, waya zilizochunika na mipira iliyokauka havina historia yoyote, ni hatari tu, na visionewe haya. Lakini dashibodi iliyopasuka kwa jua, kiti kilichochakaa mahali alipokaa mtu, au bonde la mnazi wa Kikambala, hivyo uvitazame mara mbili. Rangi mpya hununuliwa dukani siku yoyote. Kilichofutwa hakiuzwi popote.

Nairobi hatukwenda. Jumapili ya kwanza gari lilipopata bima tulikwenda Mama Ngina, pale wanapouza mihogo na madafu, likivuma kwa sauti yake nzito na watu wakigeuka. Muuza madafu, mtu mzima, alilizunguka mara moja akaweka kiganja juu ya bonde.

"Hapa liligonga nini, mzee?" akauliza.

Mjomba akavuta kiti. "Kaa," akamwambia, "nikuhadithie habari za ndugu yangu."