Sayari Iitwayo Tanzanite

Asimamaye Soweto, mjini Moshi, asubuhi isiyo na mawingu, huona mbele yake ngazi ya maisha: chini migomba na mibuni, kisha msitu, kisha vichaka, kisha mawe matupu, na kileleni, mita 5,895, mabaki ya barafu. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Kimo hicho, pamoja na mvua, chatosha kukisia kiotacho mahali fulani.

Wanafalaki huzipanga sayari za mbali kwa hoja inayofanana na hiyo, ila badala ya kimo hupima umbali wa sayari kutoka nyota yake. Ikiwa karibu mno, maji huwa mvuke. Ikiwa mbali mno, huganda. Kati ya mipaka hiyo ndipo penye ukanda uwezao kukalika. Hata michezo ya kompyuta ya safari za angani huanzia hapo, ingawa mchezaji huambiwa papo hapo kama pana hewa. Mwanafalaki mara nyingi hajui hata hilo.

Majina nayo yana kanuni. Sayari ya kwanza kugunduliwa hupewa jina la nyota yake na herufi «b»; «a» huachiwa nyota yenyewe. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulipotimiza miaka 100, kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota moja na sayari yake. Kwa Tanzania, WASP-71 ikawa Mpingo, na WASP-71b ikawa Tanzanite, kwa jina la kito cha Mererani.

Walakini Tanzanite haikaliki. Ni tufe la gesi lenye uzito zaidi ya mara 2 ya Mshtarii, nalo huizunguka Mpingo kwa siku zisizotimia 3. Mwaka wake ni mfupi kuliko safari ya kawaida ya kuupanda Kilimanjaro na kushuka.