Ridhaa ya Mama Mbadala: Jawabu kwa Shemeji wa Rongo

Shemeji yangu wa Rongo aliponiandikia ya kuwa mwanamke aliyekwisha kupokea fedha ili abebe mimba kwa niaba ya wengine hana haki tena ya kuulizwa lolote, nami nikamjibu kwamba hapa Uingereza huulizwa, tena baada ya kujifungua, alinituhumu kuwa nimegeuka Mzungu. Na maadamu tuhuma hiyo imekwisha kuenea katika ukoo mpaka Ndhiwa, yanipasa kueleza asili ya maneno yangu.

Sheria ya hapa humhesabu aliyezaa kuwa ndiye mama, hata kama yai si lake, mpaka mahakama itoe amri ya kuwapa uzazi wale waliomwomba abebe. Na amri hiyo, kwa mujibu wa sheria ya 2008, haitolewi pasipo ridhaa yake ya hiari, isiyo na sharti, naye awe amefahamu barabara maana yake. Ridhaa iliyotolewa kabla mtoto hajatimiza wiki sita ni batili. Jambo hilo, ambalo kwetu lingedhaniwa kuwa usumbufu wa makarani, mimi naliona rehema, kwani mzazi ambaye bado anavuja damu na maziwa yanamjaa hawezi kuhesabiwa kuwa amekata shauri. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitangua amri ya namna hiyo, kwa sababu mama aliridhia huku akishinikizwa, kesi ikiendelea kusikilizwa. Kasoro ninayoiona ni kwamba asiyejulikana alipo, au asiye na uwezo wa kuridhia, ridhaa yake haihitajiwi. Hivyo aliye dhaifu kuliko wote ndiye asiyengojwa.

Na kwetu Kenya je? Mwaka 2014 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kesi ya mapacha waliozaliwa na mama mbadala, ambao maofisa wa watoto waliwapeleka katika makao ya watoto kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kusema mama ni nani. Mwaka huo huo Millie Odhiambo, ambaye leo ni mbunge wa Suba Kaskazini huko Homa Bay, alianza kupeleka bungeni mswada wa uzazi wa kusaidiwa, na amelazimika kuurudisha Bunge baada ya Bunge. Aibu hiyo si ya Wazungu.

Swali la ridhaa limo hata katika mila: nyumba ntobhu, yaani ndoa ya Wakuria ambamo mwanamke huoa msichana ili aizalie nyumba yake, sina haja ya kumweleza shemeji, kwani amekaa na Wakuria miaka mingi. Walakini binti yangu, aliyezaliwa huku na ambaye Kijaluo chake chote amekipata kwa simu, aliposikia habari hizo aliacha chakula akauliza: msichana anayeolewa ili aizalie nyumba ya mwanamke mwingine, ridhaa yake huulizwa na nani? Mdogo wake alitaka kujua habari za ng'ombe wa mahari tu. Nyanya yao wa Oyugis, tuliyempigia usiku ule ule, alijibu kwamba huulizwa babake msichana. Binti yangu hakukinaika. Ameomba namba ya shemeji amwulize mwenyewe, nami nimempa.