Fahamu Namna ya Kutazama na Kurekodi Televisheni ya HD kwa Kompyuta Mpakato Bila Bando

Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilizorotesha huduma ya intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Wananchi waliozoea kufuatilia taarifa kwa njia ya video mtandaoni walijikuta wakisubiri picha zisizofunguka. Mawimbi ya televisheni yanayorushwa kutoka minarani hayahitaji nyaya hizo ili kumfikia mtazamaji, wala hayapungui nguvu watazamaji wanapoongezeka. Antena huyapokea hewani, na kompyuta mpakato iliyounganishwa na kifaa sahihi huweza kuyageuza kuwa picha ya ubora wa juu, maarufu kama HD, na kuihifadhi, bila kutumia hata megabaiti moja ya bando.

Tofauti ya gharama inaonekana kwa hesabu ndogo. Kutazama hotuba ya saa mbili mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 4.5. Hotuba hiyo hiyo ikipokelewa kutoka mnarani, bando halihusiki kabisa. Zaidi ya hapo, kompyuta mpakato ina betri yake. Umeme unapokatika nyumbani na luninga ikazimika, kompyuta huendelea kupokea matangazo ilimradi mnara wenyewe uko hewani na antena haitegemei umeme wa ukutani.

Jambo hili liliwezekana baada ya nchi kuhama kutoka analojia kwenda dijiti. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, uliweka Juni 17, 2015 kuwa ukomo wa kulinda matangazo ya analojia barani Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Wengi wanalikumbuka zoezi hilo kwa sababu ya ununuzi wa ving'amuzi. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba tangu wakati huo picha inaruka hewani ikiwa tayari katika lugha ya kompyuta, yaani tarakimu. King'amuzi chenyewe ni kompyuta ndogo iliyotengenezwa kwa kazi moja tu. Kompyuta mpakato haikosi uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Inachokosa ni mlango wa kuingizia mawimbi.

Mlango huo ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, chenye ukubwa unaokaribiana na flashi, na upande wa pili kina sehemu ya kuunganishia waya wa antena. Hapa ndipo fedha za wananchi wengi hupotelea. Vifaa hivyo vinafanana kwa sura, lakini vinatofautiana kwa mfumo wa matangazo vinaoupokea. Nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, zilikubaliana mwaka 2010 kutumia mfumo wa DVB-T2. Kifaa kilichoandikwa DVB-T pekee, bila namba 2, ni cha kizazi kilichotangulia na hakiwezi kusoma mawimbi ya DVB-T2, hata kama ni kipya na hakijatolewa kwenye boksi lake. Kifaa cha DVB-T2, kwa upande wake, kwa kawaida husoma mifumo yote miwili.

Vivyo hivyo, kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani huwa cha mfumo wa ATSC, na cha kutoka Japani huwa cha ISDB-T. Havifai nchini, na hakuna programu inayoweza kuvibadilisha. Ndani ya SADC yenyewe ipo nchi iliyochagua njia tofauti: Botswana iliamua mwaka 2013 kutumia mfumo wa Kijapani, hivyo hata kifaa kilichonunuliwa Gaborone kinahitaji kusomwa maandishi yake kabla ya kulipiwa. Maneno ya muuzaji kwamba kifaa "kinashika nchi zote" hayatoshi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeipa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, jukumu la kuidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa na kuuzwa nchini, na mnunuzi ana haki ya kuuliza iwapo kifaa anachoonyeshwa kimepitia hatua hiyo.

Kosa jingine linahusu tundu la HDMI. Mtu huona tundu hilo kwenye kompyuta yake, akanunua waya, akauchomeka kutoka kwenye king'amuzi, kisha akasubiri picha ambayo haiji. Karibu kompyuta mpakato zote zina HDMI ya kutoa picha kwenda kwenye skrini nyingine. Si ya kuingiza. Vipo vifaa maalumu vya kunasia picha ya HDMI, lakini ving'amuzi vingi huweka ulinzi wa kidijiti kwenye tundu hilo, na kifaa kinachofuata taratibu hukataa kurekodi picha iliyolindwa. Kwa anayetaka matangazo ya bure tu, kifaa cha USB chenye antena ni njia fupi na safi zaidi.

Neno "bure" nalo linahitaji kufafanuliwa. Chaneli isiyolipiwa si lazima iwe chaneli isiyofungwa. Mwendeshaji anaweza kuruhusu chaneli fulani itazamwe bila malipo ya mwezi, huku mawimbi yake yakiwa yamefungwa kwa namna ambayo king'amuzi chake pekee ndicho kinachoweza kuyafungua. Kifaa cha USB hakina kadi wala ufunguo huo. Kitaiona chaneli, kitaandika jina lake, lakini skrini itabaki nyeusi. Kwa sababu hiyo, ni busara kukijaribu kifaa mahali kitakapotumika, kwa kuamuru programu itafute chaneli zote, kabla ya kukubaliana na muuzaji kwamba biashara imekwisha. Chaneli za kulipia hazitafunguka, na jitihada za kuzifungua kwa njia za mkato ni uvunjaji wa sheria.

Antena ndogo ya sumaku inayokuja ndani ya boksi hufaa kwa aliye jirani na mnara. Kwa wengine ni pambo. Paa la bati huzuia mawimbi, hivyo antena iliyowekwa ndani ya nyumba ya bati hupokea mabaki tu yanayopita madirishani. Antena ya nje, juu ya paa, ikielekezwa mnarani na kuunganishwa kwa waya mzuri wa antena, hubadilisha hali kabisa. Asiyejua mnara uko wapi aangalie antena za majirani zimeelekea upande gani na vijiti vyake vimelala au vimesimama, kisha aige. Enzi ya analojia mawimbi hafifu yalileta chenga na mtu akavumilia. Dijiti haina uvumilivu huo: picha huwa kamili, kisha hukatika vipande vya miraba, kisha hupotea, na umbali kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho ni mdogo sana. Kwa anayerekodi, dakika moja ya miraba ni dakika iliyopotea moja kwa moja.

Picha ikishapatikana, swali linalofuata ni kama kweli ni HD. Picha ya dijiti ya kiwango cha kawaida ina nukta 720 kwa 576, yaani takriban nukta 415,000. HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, ambazo ni mara tano ya hizo. Kati yao ipo HD ya nukta 1280 kwa 720. Kompyuta haiongezi ubora. Inaonyesha kile tu kituo ilichokirusha, na neno HD kwenye jina la chaneli halithibitishi kitu. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, ina kipengele cha taarifa za kodeki kinachoonyesha idadi halisi ya nukta za picha inayochezwa. Mwenye kompyuta ya bei nafuu yenye skrini ya nukta 1366 kwa 768 hataiona HD kamili kwa ukamilifu wake, lakini rekodi yake itabaki na nukta zote na zitaonekana siku atakapoiunganisha na skrini kubwa. Endapo vitu vinavyokwenda kasi vitaonekana na kingo zenye meno kama ya kitana, huo si ubovu wa kifaa. Matangazo mengi ya HD hurushwa kwa mistari inayopishana, na programu ina kipengele cha kuiunganisha.

Kurekodi, kinyume na inavyodhaniwa, ni kazi nyepesi kuliko kutazama. Picha inafika ikiwa tayari imebanwa na kituo, na kompyuta huiandika kwenye diski kama ilivyo. Kompyuta ya zamani inayokwama inapoonyesha HD inaweza kuirekodi bila tatizo ili itazamwe kwingine. Kwa watumiaji wa Linux kuna Kaffeine na Tvheadend. Kwa Windows kuna NextPVR, pamoja na programu inayokuja na kifaa. Wenye kumbukumbu ya Windows Media Center wafahamu kwamba Microsoft iliiondoa ilipotoa Windows 10 mwaka 2015.

Kinachohitaji uangalifu ni nafasi. Chaneli ya HD inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde huandika megabaiti moja kila sekunde, sawa na gigabaiti 3.6 kwa saa. Diski yenye nafasi ya gigabaiti 500 huhifadhi takriban saa 138. Hiyo ni nyingi, ila flashi nyingi za dukani zimepangiliwa kwa mfumo wa zamani uitwao FAT32, usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa kasi hiyo, rekodi hufika ukingoni baada ya dakika 71 hivi. Hotuba ya bajeti haiishi ndani ya muda huo, na anayerekodi moja kwa moja kwenye flashi anaweza kubaki na nusu ya kwanza tu, viwango vya kodi vikiwa katika nusu aliyoikosa. Inafaa kurekodi kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kisha kunakili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa exFAT.

Kuhusu aina ya faili, lile linaloishia na herufi TS ndilo la kuchagua. Umeme ukikatika na betri ikaisha katikati ya kurekodi, faili la TS hufunguka hadi pale lilipoishia. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, na likikatizwa kabla ya hapo huenda lisifunguke kabisa.

Lipo pia suala la saa, ambalo limewanyima wengi rekodi walizozitarajia. Hotuba ya bajeti husomwa bungeni Dodoma mwezi Juni, kwa kawaida saa 10:00 jioni, siku moja na nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Saa ya kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 10:00 jioni kwake ni 16:00. Anayeandika 10:00 atarekodi kipindi cha saa nne asubuhi. Ni vyema kuanza dakika kumi kabla na kuongeza saa nzima mwishoni, kwa kuwa shughuli za Bunge hazifuati ratiba ya televisheni. Kompyuta izuiwe pia isilale, na ielekezwe kutozima kazi zake kifuniko kinapofungwa.

Rekodi ya aina hii ina thamani ambayo kipande kilichotumwa WhatsApp hakina. Video zinazosambazwa zikiwa zimekatwa, zikimwonyesha kiongozi akisema nusu ya sentensi, hukanushwa kwa kuonyesha sentensi nzima. Mwenye faili la TS lenye tangazo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama lilivyotoka mnarani, hahitaji kubishana. Anayetaka kupunguza ukubwa wake atengeneze nakala ndogo pembeni na kuliacha faili la asili bila kuguswa, likiwa na jina la chaneli na tarehe.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218, inaruhusu mtu kujitengenezea nakala kwa matumizi yake binafsi. Zanzibar ina sheria yake. Ruhusa hiyo inaishia mlangoni kwa mhusika. Kuipandisha rekodi ya kituo kwenye YouTube, kuiuza kwenye flashi, au kurekodi mechi na kuionyesha kwa kiingilio katika kibanda umiza ni matumizi yanayohitaji idhini ya mwenye haki, na kutojipatia faida hakuyageuzi kuwa matumizi binafsi. Mwenye shaka kuhusu rekodi aliyonayo anaweza kuulizia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, au kukiandikia kituo chenyewe kabla hajaisambaza.