Malaria na wanandoa wanaolala safarini

Mume na mke wanaosafirisha mahindi kwa lori kutoka Kitale kupitia Webuye hadi Bungoma huweza kupika, kula na kulala njiani siku kadhaa. Sufuria na blanketi hazisahauliki, chandarua husahaulika.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma mita 1,400 hivi. Penye joto zaidi, vijidudu vya malaria hukomaa upesi ndani ya mbu. Mwili uliozoea nyanda za juu huwa na kinga haba, hivyo mgonjwa huweza kuzidiwa haraka. Mama mjamzito yumo hatarini zaidi: hupungukiwa na damu, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Mbu hao huuma usiku. Fungeni chandarua chenye dawa hata mnapolala ndani ya lori.

Homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, pengine mmekwisha kurudi nyumbani. Msitulize maumivu kwa vidonge vya dukani tu. Mkapimwe damu siku hiyo hiyo, na mmweleze daktari mlikolala. Mkipewa dawa ya siku 3, imalizeni hata homa ikishuka.