Amplifaya Kuukuu Jukwaani Remba: Njia ya Ardhi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifungua amplifaya ya valvu na kueleza kwa nini kapasita zake kubwa hubaki na volti 400 au zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa, na jinsi fundi anavyoimaliza stima hiyo kwa rezista kabla ya kugusa chochote. Hatari hiyo ni ya fundi. Leo tuitazame ile inayomsubiri mwanamuziki.

Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma, na kupitia wavu wa kebo zimeungana moja kwa moja na chasisi ya amplifaya. Chasisi ikipata stima, nyuzi nazo zimepata stima. Mpigaji aliyevaa viatu vya raba anaweza kumaliza wimbo mzima bila kuhisi kitu. Kisha anasogea kwenye maikrofoni kuitikia kiitikio, na maikrofoni hiyo imeungwa na ardhi kupitia mitambo ya sauti. Stima inapita kutoka vidoleni hadi midomoni, na moyo uko katikati. Stima iliyopita kati ya maikrofoni na gitaa ndiyo iliyomuua Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, jukwaani Swansea tarehe 3 Mei 1972. Miaka minne baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa nyumbani kwake na gitaa ambalo halikuwa na ardhi ya kutegemewa. Miliampea 10 zinatosha kuukaza mkono usiweze kuachia; kuanzia 50 hivi moyo unaweza kupoteza mapigo. Mwili uliolowa jasho, kwenye volti 240 zetu, unaweza kupitisha zaidi ya 200.

Amplifaya nyingi za Marekani zilizoundwa kabla ya miaka ya 60 kwisha zina kebo ya nyaya mbili tu, bila ardhi. Ndani yake kuna kapasita ndogo, mara nyingi ya mikrofaradi 0.047, iliyofungwa kati ya waya mmoja wa stima na chasisi ili kupunguza mvumo. Ikiwa nzima, mpigaji husikia mwasho tu vidoleni, na wengi huuzoea. Ikipasuka kwa ndani, chasisi inapokea stima yote. Itolewe kabisa, na swichi ya kuigeuza kutoka waya mmoja wa stima hadi mwingine isiachwe ikifanya kazi. Kisha ifungwe kebo mpya ya nyaya tatu: wa ardhi upate bolti yake peke yake, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na uachwe mrefu kuliko wenzake ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Fyuzi na swichi zikae kwenye waya wa moto, yaani ule unaoleta stima.

Kuutambua huo waya wa moto kwa rangi ndipo mafundi wazuri huteleza. Kwa kebo za zamani za Uingereza, mweusi ni nyutro na mwekundu ndio moto. Kwa za Marekani, mweusi ndio moto na mweupe ni nyutro. Kwa za sasa hapa kwetu, moto ni kahawia, nyutro ni buluu, ardhi ni kijani chenye mstari wa manjano. Usiamini rangi, pima. Tena, amplifaya ya volti 120 huhitaji transfoma ya kushusha, na nyingi zinazouzwa madukani zina tundu la pini mbili: ardhi uliyoifunga kwa jasho inaishia hapo. Nunua yenye tundu la pini tatu lililoungwa kweli.

Sasa twende Remba. Hiki ni kisiwa cha mawe upande wa Suba, kaunti ya Homa Bay, chenye nyumba za mabati zilizobanana na wavuvi wanaopenda benga kama watu wengi wa Ziwa Victoria, muziki alioukuza D.O. Misiani wa Shirati Jazz. Stima ya huko mara nyingi hutoka kwa jenereta au sola, na hapa ushauri wa vitabu vya Ulaya haufai bila kurekebishwa. Jenereta ndogo nyingi za petroli zina nyutro isiyoungwa na fremu wala ardhi. Hitilafu ya kwanza hukaa kimya. Hakuna fyuzi inayokatika wala mtu anayeshtuka. Ya pili, labda kwenye mashine nyingine kabisa, ndiyo inayoua. Hata ile swichi ya kukata stima inapovuja, ya miliampea 30, haiwezi kuona uvujaji mahali ambapo stima haina njia ya kurudi. Kwa hiyo fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, aunge nyutro na fremu kwenye jenereta yenyewe, apigilie nondo ya shaba penye udongo mzito wenye unyevu, si kwenye ufa wa jiwe, kisha aweke swichi hiyo pale pale stima inapotoka kwenye jenereta. Kuta za mabati zinaongeza hatari: mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye gitaa, basi.

Kipimo cha mwisho hakichukui dakika tano. Plagi ikiwa nje, pima kati ya pini ya ardhi na chasisi. Usomaji uwe chini ya omu 1. Stima ikiwashwa, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye wavu wa maikrofoni na nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Ikionyesha zaidi ya volti chache, zima kila kitu.

Mvumo ukisumbua, wapo watakaokushauri kukata pini ya ardhi. Kataa. Mvumo huondolewa kwa transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti, na tutaieleza wiki ijayo. Viongozi wa bendi, msimruhusu mtu yeyote kuimba kabla ya kipimo hicho kufanyika.